Neno "Alisaidia" na Cheti Kisicho Changu



Ndugu msomaji, hadi mwezi uliopita ukutani kwangu, juu ya kitanda, palikuwa na cheti chenye fremu. Kimeandikwa kwa wino wa dhahabu kwamba mimi nilikuwa mratibu mkuu wa kongamano la kuwaenzi wanawake katika kemia, lililofanyika hapa chuoni mwezi wa Februari. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu. Kemia niliachana nayo sekondari, kwa alama ambazo sitazitaja mbele za watu. Nataka kueleza cheti kile kilinifikiaje, kwa sababu jambo lenyewe limeninyima usingizi, na kwa sababu nashuku kwamba si mimi peke yangu mwenye cheti cha namna hiyo.

Mwanzo wake ulikuwa mzuri. Tarehe 11 Februari ni siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa ajili ya wanawake na wasichana katika sayansi. Mwezi huohuo, tangu mwaka 2019, muungano wa kimataifa wa kemia, IUPAC, huhimiza wanakemia wa nchi mbalimbali wakutane kwenye kifungua kinywa cha wanawake, na mikutano hiyo huandaliwa na watu wa kujitolea huko huko waliko. Dada mmoja wa kemia, wa mwaka wa tatu, mwanachama wa jumuiya yetu, alisema: kwa nini nasi tusiandae yetu, tena si chai tu, bali kongamano la siku nzima, tuwaite na wasichana wa sekondari za jirani? Alikuwa na wazo na daftari. Hakuwa na watu. Jumuiya ikaahidi watu ishirini wa kujitolea, na ndugu wakasema lazima apatikane "mtu wa kuongea na uongozi". Nikachaguliwa mimi. Sababu zilizotolewa ni kwamba nazungumza vizuri na nina koti.

Sasa nitasema nani alifanya nini, kwa sababu hapo ndipo penye kesi. Barua kwa wazungumzaji aliandika yeye. Ukumbi aliufuatilia yeye, safari nne, hadi ukapatikana. Bajeti aliitunza yeye, na kila risiti, hata ya bodaboda, aliibandika kwenye daftari lile. Mabango aliyatengeneza yeye na wenzake usiku: Marie Curie, Dorothy Hodgkin, Tebello Nyokong wa Lesotho na Afrika Kusini, na Ameenah Gurib-Fakim, mwanakemia Mwislamu wa Mauritius aliyekuwa rais wa nchi yake kuanzia 2015 hadi 2018. Wasichana wa sekondari walisimama sana mbele ya bango hilo la mwisho. Yeye ndiye aliyepanga meza ya kutengeneza sabuni kwa mafuta ya mawese na kostiki soda, akahakikisha kila msichana amevaa glavu na miwani kabla ya kugusa kitu. Umeme ulipokatika jioni ya kuamkia kongamano, yeye ndiye aliyejua mwenye jenereta anakaa wapi.

Mimi nilibeba viti. Niliongea na uongozi mara mbili. Na siku yenyewe nilishika kipaza sauti.

Saa ya kufunga, mgeni rasmi alisimama akanishukuru kwa jina langu mara tatu. Nilikuwa mbele, nimevaa koti. Dada yetu alikuwa nyuma ya ukumbi na wenzake wanahesabu vikombe vya kukodi, kwa sababu kikipotea kimoja kinalipwa. Nikaitwa jukwaani, nikapewa fremu, nikapigiwa makofi. Niliambiwa niseme neno. Nikasema: "Alhamdulillah, tuliandaa kwa moyo mmoja." Nimeisikiliza tena sentensi ile katika video ya mtu, na nakiri ni sentensi iliyotengenezwa kwa ufundi mkubwa. Hakuna uongo ndani yake. Neno "tuliandaa" linamhusu kila mtu, kwa hiyo halimtaji yeyote, na aliyesimama jukwaani ndiye anayeonekana.

Kule nyumbani, Buyenzi, Bujumbura, nimekua nikiona jambo hili kwenye kila harusi na kila maulidi. Shangazi yangu huinjika sufuria za pilau kabla ya alfajiri, macho mekundu kwa moshi. Baada ya kula husimama mzee mmoja na kusema, "Tunaishukuru kamati." Shangazi hayumo katika kamati. Nilipokuwa mdogo nilidhani Kamati ni jina la mtu.

Wiki tatu baadaye dada yetu alinijia maktabani. Alikuwa anaomba ufadhili wa masomo ya uzamili, na fomu ilitaka uthibitisho wa uongozi katika shughuli za wanafunzi. Alikuwa amekwenda ofisini kuomba barua, akaambiwa kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu mratibu alikuwa kaka fulani, basi amwendee huyo. Huyo ni mimi. Hakulalamika. Ili asinichoshe, alikuwa ameshaiandika barua mwenyewe, mimi nitie sahihi tu. Mstari wa pili ulisema kwamba yeye "alisaidia katika maandalizi".

Alisaidia! Mtu aliyefanya kazi anamwomba mtu asiyeifanya amthibitishie kwamba alimsaidia kuifanya. Nilimwambia aniachie karatasi hadi kesho.

Usiku ule nilifanya kile ambacho mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu hufanya akitaka kukwepa jambo: nilitafuta dalili. Na dalili ya kunifariji ipo. Dini yetu inasifu amali ya siri. Katika watu saba watakaokuwa katika kivuli cha Mwenyezi Mungu siku isiyo na kivuli ila chake, yumo aliyetoa sadaka akaificha. Na katika Sahihi Muslim tunasoma habari za watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa, mpiganaji, msomaji na mtoaji, ambao amali zao zilipotea kwa sababu walizifanya ili watajwe, na wakatajwa. Basi nikajiambia: kumbe nimemwepusha dada yangu na riya. Amali yake imebaki safi kwa Mola wake, na hatari ya kutajwa nimeibeba mimi. Ukitaka kujua nafsi ina akili kiasi gani, iachie usiku mmoja na vitabu.

Kasoro ya hoja hiyo niliiona alfajiri, nayo ni nyepesi. Aliyesifiwa kwa kutoa sadaka ya siri ni yeye mwenyewe aliyeificha, kwa mkono wake, kwa hiari yake. Hadithi haikumsifu mtu mwingine aliyeificha sadaka ya mwenzake, sembuse aliyeificha kisha akapokea shukrani zake. Kuficha ni haki ya mtenda. Mimi niliyenufaika sina haki hiyo. Katika Surat Aal-Imran, aya ya 188, wametajwa kwa onyo watu wanaopenda kusifiwa kwa jambo ambalo hawakulifanya. Aya hiyo nimeihifadhi tangu madrasa na nimeisoma katika swala mara nyingi. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba inaweza kuhusu fremu.

Na kuna jambo la pili, la fani yangu hasa. Sisi tunaosoma hadithi tunajivunia isnadi. Tunawaambia watu kwamba hakuna umma mwingine uliotunza majina ya wapokezi kama umma huu: fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani, hadi kwa Mtume s.a.w. Katika minyororo hiyo wamo wanawake, kwa majina yao. Karima al-Marwaziyya alisomesha Sahihi Bukhari mjini Makka katika karne ya 5 Hijria, na al-Khatib al-Baghdadi, ambaye sote tunasoma vitabu vyake, aliisoma kwake, wala hakuona haya kusema aliisoma kwa nani. Ibn Asakir wa Damascus alikuwa na walimu wanawake zaidi ya 80, akawaandikia kitabu chao. Hawakuwaita "kamati".

Tena wanazuoni waliipa jina aibu ya kulidondosha jina. Waliiita tadlisi. Mpokezi anasema "kutoka kwa fulani", na fulani huyo kweli alikutana naye, ila habari hii hakuisikia kwake. Aliisikia kwa mtu wa kati, na mtu huyo wa kati amemruka. Hakusema uongo. Amechagua tenzi na viunganishi vinavyomwacha msikilizaji adhani. Shu'ba ibn al-Hajjaj alikuwa mkali mno juu ya jambo hili. Na iko aina nyingine, tadlisi ya masheikh, ambapo mpokezi anamtaja mwalimu wake kwa lakabu isiyojulikana ili asitambulike. Mtihani wa mustalah nilipata alama nzuri, na swali la tadlisi nililijibu ukurasa mzima. Kumbe "tuliandaa" yangu ilikuwa aina ya kwanza, na "kamati ya maandalizi" aina ya pili.

Nikiwa bado katika hali hiyo nilirudi kwenye mabango, ambayo yalikuwa yamewekwa katika chumba cha jumuiya, nikayasoma kwa mara ya kwanza. (Ndiyo, mratibu mkuu alikuwa hajayasoma.) Lile la Marie Curie linasema kwamba mwaka 1903 jina lake halikuwemo katika pendekezo la tuzo ya Nobel ya fizikia lililotoka Ufaransa, walipendekezwa mumewe Pierre na Henri Becquerel. Mwanahisabati wa Sweden, Mittag-Leffler, akampa Pierre habari. Pierre angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwomba aseme, na tuzo ilikuwa inakuja kwake hata hivyo. Akajibu kwamba, kama ni kweli wanamfikiria, basi afikiriwe pamoja na Marie katika kazi yao. Wakapewa wote. Mwaka 1911 Marie akapata ya kemia, peke yake, Pierre akiwa ameshafariki. Tangu hapo hadi 2025, wanawake waliopata Nobel ya kemia ni nane tu, na huyo ni mmoja wao.

Bango lililonikalisha chini lilikuwa la Alice Ball. Alikuwa Mmarekani mweusi, aliyepata shahada ya uzamili ya kemia katika chuo cha Hawaii mwaka 1915, mwanamke wa kwanza kuipata hapo. Wakati ule ukoma ulitibiwa kwa mafuta ya mti wa chaulmoogra. Ukiyanywa yanakutapisha, ukidungwa, yanaganda chini ya ngozi na kufanya malengelenge, kwa sababu ni mazito na hayachanganyiki na maji ya mwili. Daktari mmoja, Harry Hollmann, alimwomba Alice atafute njia. Akaipata: aliyageuza mafuta yale kuwa esta za ethili, ambazo mwili unaweza kuzipokea kwa sindano. Alifariki tarehe 31 Desemba 1916, umri miaka 24, kabla hajaichapisha kazi yake. Mkuu wa chuo, Arthur Dean, naye mwanakemia, akaiendeleza na kuichapisha bila kumtaja, na ikaitwa njia ya Dean. Nilisoma hapo nikakumbuka kisiwa cha Bwama katika Ziwa Bunyonyi, kusini-magharibi mwa nchi hii, kilichokuwa makazi ya wenye ukoma. Ugonjwa huo haukuwa habari ya Hawaii peke yake.

Mwaka 1922 Hollmann, yule daktari aliyemwomba, aliandika katika makala kwamba njia ile ni ya Ball, akaiita kwa jina lake. Lakini sauti ya daktari mmoja haikufika mbali. Ilibidi watafiti wa chuo hichohicho waje kuchimba nyaraka miongo mingi baadaye, na mwaka 2000 chuo kikaweka kibao cha kumbukumbu chini ya mti wa chaulmoogra ulioko hapo. Miaka 84 baada ya kifo chake. Mimi naamini Mwenyezi Mungu hakuwahi kulisahau jina lake hata siku moja katika miaka hiyo 84, na ujira wake hauhitaji kibao. Lakini imani hiyo haimpunguzii Dean chochote. Deni la Alice lilikuwa juu yake, na alikuwa na miaka mingi ya kulilipa.

Ndugu mmoja aliposikia nafikiria kuandika haya alinipinga. Alisema kemia haina mwanamke wala mwanamume, maji ni H2O yakichotwa na yeyote, na kwamba makongamano haya ya wanawake peke yao ni mtindo tu. Kuhusu maji amesema kweli. Molekuli haijui nani kaipima. Ofisi ndiyo inayojua, kwa sababu ina kitabu, na katika kitabu kuna jina langu.

Pingamizi lililonipa taabu zaidi lilitoka kwa dada mwenyewe. Nilipomwambia kwamba sitatia sahihi barua ya "alisaidia", kwamba nitaandika nyingine inayosema ukweli, alisema, "Kaka, mimi sikufanya ili nitajwe. Nimemwachia Allah." Nilinyamaza muda mrefu. Nani mimi wa kumfundisha ikhlasi? Na huenda haikuwa ikhlasi tu. Huenda alikuwa amechoka, au ameshazoea kwamba mambo ndivyo yalivyo, na mtu aliyezoea hutumia maneno ya dini kufunga mazungumzo kwa heshima. Sikuweza kujua, wala si kazi yangu kujua yaliyo kifuani mwake. Nilimjibu hivi: kusifiwa ni jambo moja na ushahidi ni jambo jingine. Kama ningetaka kukuimbia kaswida mbele ya watu, ungekuwa na haki ya kukataa. Lakini ofisi imeuliza nani aliratibu, na mimi najua. Anayejua akaulizwa, akaficha, Qur'ani imemsemea vibaya moyo wake. Barua hii ni ushahidi wangu. Ukitaka, usiitumie.

Akasema nifanye nitakavyo.

Msomaji mwerevu ataniuliza: mbona basi humtaji hapa? Niliomba ruhusa ya kuliandika jina lake katika gazeti hili, akakataa katakata. Hilo ni lake. Gazeti halikuulizwa na ofisi.

Nikaandika barua. Nilieleza kwamba cheti nilichopewa kilitaja kazi ambayo sikuifanya, nikaorodhesha kazi ile kipengele kwa kipengele kama ilivyo kwenye daftari, nikaomba kumbukumbu zirekebishwe. Ofisini niliambiwa kitabu cha mwaka kimeshafungwa, lakini barua itawekwa kwenye jalada. Afisa aliyenipokea alinitazama kama mtu aliyekuja kurudisha chenji baada ya mwezi. Mwaliko pia ulikuwepo, sikuutaja mpaka sasa: nilikuwa nimealikwa kwenye mafunzo ya viongozi vijana katika nchi jirani, nauli na malazi juu yao, kwa kutambua kongamano lile. Niliuweka siku 19 kabla ya kujibu, na siku hizo zote nilikuwa nikijiambia sijaamua. Nilipowaandikia kwamba mwenye kustahili ni mwingine, walijibu kwa upole kwamba nafasi imetolewa kwa jina na haihamishiki. Mimi sikwenda. Yeye hakwenda. Nilichelewa, na kuchelewa huko kulimgharimu yeye, si mimi.

Nakala ya barua nilimpelekea maabara. Alivua glavu, akaisoma akiwa amesimama, kisha akaomba kalamu. Nilikuwa nimeandika kwamba kongamano liliandaliwa na yeye "peke yake". Alikata maneno hayo mawili kwa mstari mmoja. Chini yake akaanza kuandika majina: dada wawili waliotengeneza naye mabango, mtunza maabara aliyefungua mlango Jumapili, mama wa chapati aliyekubali kulipwa baada ya wiki, kijana wa jenereta, mhadhiri aliyekagua kostiki soda. Mbele ya kila jina aliandika kazi yake.

Akanirudishia karatasi niende nikaichape upya. Jina langu lilikuwa la saba. Mbele yake ameandika: "alibeba viti, aliongea na uongozi mara mbili".